Alamu hulia, haimshiki mtu: tunayodanganyana kuhusu wizi wa kampavani

Saa tisa usiku, kwenye uwanja wa kambi pwani ya Wales, alamu ya gari la jirani ilianza kulia. Mvua ya Agosti ilikuwa ikinyesha, ile ya Uingereza isiyokolea wala kukatika. Nilisogeza pazia nikachungulia. Kwenye magari mengine niliona mapazia mawili matatu nayo yamesogezwa kidogo, kisha yote yakarudi yalipokuwa. Hakuna aliyetoka, mimi nikiwemo. Asubuhi jirani akapita gari kwa gari kuomba radhi: alisahau kufunga tundu la hewa la darini, upepo ukaingia ukatikisa taulo, na kihisio cha ndani kikaona taulo ni mwizi.

Kampavani, kwa msomaji ambaye hajaizoea, ni gari lenye kitanda, jiko, na likiwa kubwa hata choo. Ulaya nyingi zimejengwa juu ya Fiat Ducato, nyingine juu ya Volkswagen, ndugu wa ile tuliyoizoea nyumbani kwa jina la Kombi. Likiibwa gari kama hilo umeibiwa usafiri na malazi kwa mkupuo mmoja, tena mara nyingi ukiwa ugenini, pasipoti zikiwa ndani. Ndiyo maana kila mwenye nalo ana ushauri wa kukupa. Mimi nina Ducato ya mwaka 2008 iliyogeuzwa kutoka vani ya mizigo, na nimepewa ushauri wa kujaza gunia. Sehemu kubwa ya gunia hilo ni pumba.

"Ukifunga alamu umemaliza"

Wezi wa kampavani ni wa aina mbili, na kosa kubwa ni kuwachanganya. Wa kwanza anataka kilichomo: kompyuta, pochi, baiskeli iliyofungwa nyuma. Huyu kazi yake ni ya dakika mbili na hapendi kutazamwa, kwa hiyo alamu humkera kweli. Wa pili anataka gari lenyewe. Huyu amekuja na vifaa, na kelele ameshaziweka kwenye hesabu zake. Anajua ninachokijua mimi tangu usiku ule wa Wales, kwamba watu huchungulia na kurudi kulala.

Halafu kuna suala la kihisio cha ndani. Kazi yake ni kunasa mwendo, na ndani ya kampavani mwendo hauishi: mtu anajigeuza kitandani, mbwa anajikuna, pazia linapepea. Basi wenye magari wengi hukizima, na wakikizima kwa njia ya mkato wanazima alamu nzima. Alamu nzuri ina hali ya usiku, yaani milango na madirisha yanabaki yanalindwa huku wewe ukikoroma ndani. Kabla hujalipa, muulize fundi kama hiyo yako inayo. Na kibandiko cha alamu ambayo haipo si dhambi, humfanya mwizi wa aina ya kwanza aende kwa jirani. Ila wa pili hasomi vibandiko.

"Imobilaiza ya kiwandani haichezewi"

Imobilaiza ndiyo inayokagua chipu ya funguo, isipoitambua injini haiwaki. Imesaidia sana. Umoja wa Ulaya ulizilazimisha gari mpya za abiria kuwa nayo tangu mwaka 1998, na ule wizi wa kuunganisha waya chini ya usukani ukafifia. Lakini vani kubwa za mizigo, ambazo ndizo mama wa kampavani nyingi, hazikulazimishwa. Na hata zile zinazotoka kiwandani nayo zina tundu lao.

Tundu la Ducato nilionyeshwa na fundi. Alifungua boneti, akaingiza mkono, akagonga kwa kidole kasha la bati lenye soketi mbili. "Hii ndiyo kontrol boksi yako," akasema, "na mwizi anakuja na ya kwake." Kontrol boksi ni kompyuta ya injini. Mwizi anayo iliyokwisha kuoanishwa na funguo yake mwenyewe. Anachomoa ya kwako, anachomeka ya kwake, na gari linamwona ndiye mwenye mali. Imobilaiza haikuvunjwa, imebadilishiwa bosi tu. Dawa yake ni bamba la chuma linalofunika kasha hilo, limefungwa kwa boliti ambazo vichwa vyake hukatika vikishakazwa, spana isipate pa kushika. Ni kifaa cha bei nafuu kuliko alamu, na hakina mlio wowote wa kumfurahisha mnunuzi, labda ndiyo maana watu hawakitaji.

Wenye magari mapya yasiyohitaji kuingiza funguo wasicheke. Mwaka 2022 mjini London aliibiwa Toyota RAV4 mtu ambaye kazi yake ni utafiti wa usalama wa magari, Ian Tabor. Siku kadhaa kabla alikuta bampa limeng'olewa na waya za taa ya mbele zimechomolewa, akadhani ni wahuni. Baadaye yeye na mwenzake Ken Tindell wakafumbua fumbo, na mwaka 2023 likatangazwa: wezi hujiunga na mtandao wa waya wa gari kupitia taa, kwa kifaa kilichofichwa ndani ya ganda la spika ndogo ya bluetooth, kisha wanaliambia gari kwamba funguo ipo. Mfuko wa kuzuia mawimbi unaohifadhi funguo zako mezani hauna cha kufanya hapo, kwa sababu funguo zako hazikuguswa.

Kwa gari la zamani, Kombi hasa, ambalo halina imobilaiza kabisa, bado naiamini swichi ya siri, ile ambayo Nairobi huitwa katauti. Inakata umeme wa kuwashia injini au pampu ya mafuta. Sharti ni moja: isifichwe pale ambapo kila fundi huificha.

"Chuma cha usukani ni mambo ya kizee"

Kinarudi, na kwa haki. Mwizi wa kielektroniki anabeba kompyuta, mara nyingi habebi msumeno. Ukimwekea chuma anatakiwa akate, na kukata kunatoa cheche, harufu na muda. Ila kuna chuma na chuma. Kile kifimbo chembamba kinachoshika ukingo mmoja hakimpi mtu shida, kwa sababu hakati chuma, anakata usukani wenyewe ambao ni laini, kisha anakichomoa. Kinachofaa ni sahani inayofunika usukani mzima. Uingereza vifaa hivi hupimwa na Sold Secure kwa kuvishambulia hasa, kisha vinapewa daraja kuanzia shaba mpaka almasi. Tazama daraja, usitazame rangi ya boksi.

Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi hawahitaji somo hili. Mtu akinunua gari, kabla hata ya kulitembeza kwa ndugu, anapeleka vioo vya pembeni vikachongwe namba za gari, na taa zipigwe ripiti. Saiti mira yenye namba ya mtu haina soko. Mzungu akiona anashangaa kwa nini umechora gari lako jipya, na ni yuleyule ambaye baadaye huomba kampuni imchoree namba ya chesesi kwenye madirisha ya kampavani yake kwa bei ya mara kumi.

"Nina traka, hata wakichukua nitalipata"

Pengine. Traka, yaani kifaa cha kufuatilia gari lilipo, haizuii wizi, inaanza kazi gari likishaondoka. Wezi wanalijua hilo, ndiyo maana gari la thamani likiibwa huachwa kwanza limeegeshwa mtaa mwingine siku moja mbili, lipoe. Likifuatwa na polisi, wao hawapo. Lisipofuatwa, ni lao. Wengine hutumia kifaa cha kuziba mawimbi. Traka inayotegemea laini ya simu ikiwekwa ndani ya kontena la chuma huwa kimya. Kuna zenye redio ya masafa mengine ambazo hupenya zaidi, na hizo ndizo kampuni za bima hupenda, hasa zilizoidhinishwa na Thatcham, shirika la Uingereza linalopima usalama wa magari, kwa daraja la S5 au S7. Hiyo S5 hutaka dereva awe na kitambulisho chake cha kielektroniki mfukoni, gari likiondoka bila hicho kituo kinajulishwa papo hapo. Kidude kidogo kama AirTag nacho kina faida yake, ila kumbuka kimeundwa kiiambie simu ya iPhone ya mtu asiye mwenyewe kwamba anafuatwa, na mwizi naye ana simu.

Lakini kuna kisa kimoja ambacho hunifanya nisiidharau traka, nacho kinatugusa. Mwaka 2015 Lexus iliyoibwa London iliendelea kutoa ishara: ikaonekana Le Havre, Ufaransa, ikapita Oman, ikashukia bandari ya Mombasa, na ikaishia Uganda. Shirika la kupambana na uhalifu mkubwa la Uingereza, NCA, liliifuata mpaka huko, na mahali hapo pakakutwa magari mengine ya wizi zaidi ya 20. Hayo mengine hayakuwa yakimwambia mtu lolote. Kwa hiyo ukiona gari zuri kwa bei ya kutupa kule nyumbani, kagua namba ya chesesi kabla ya kumshukuru Mungu.

"Barabarani mchana hakuna wizi"

Serikali ya Uingereza huwaonya raia wake wanaokwenda Hispania kuhusu majambazi wa barabara kuu, wanaopenda magari yenye namba za kigeni. Gari linakupita, abiria anakuonyesha tairi lako, au moshi, kwa uso wa huruma. Unasimama pembeni. Mmoja anainama nawe kutazama tairi, mwenzake yuko upande wa pili na pochi ya mkeo. Alamu gani italia, wakati mlango umeufungua mwenyewe?

"Walipuliza dawa tukalala fofofo"

Hapa ndipo nitakosana na watu, kwa sababu dhana hii haina nchi. Tanga utaisikia: wezi walipuliza dawa, nyumba nzima ikalala, wakabeba mpaka jokofu. Ufaransa wenye kampavani wanaisimulia vilevile, neno kwa neno, ila jokofu halimo. Mwaka 2015 dereva wa Formula 1 Jenson Button aliibiwa akiwa kwenye nyumba ya mapumziko huko Saint-Tropez, na msemaji wake akasema huenda gesi ilipitishwa kwenye kiyoyozi. Dunia nzima ikaitikia.

Chuo cha Kifalme cha madaktari wa dawa za usingizi cha Uingereza kimelijibu jambo hili waziwazi. Haiwezekani, wanasema, kumlaza mtu kwa kupuliza etha au klorofomu dirishani mwa kampavani bila yeye kujua, hata akiwa amelala. Etha inanuka vikali, inakohoza, inatapisha, na harufu yake hukaa siku kadhaa. Dawa za kisasa zenye nguvu zaidi zingehitaji mtambo mkubwa wa kusukuma hewa na gesi ya kujaza malori. Mwizi mwenye uwezo huo hana haja ya kompyuta yako.

Na tujiulize jambo moja. Hospitalini mtu akilazwa kwa dawa, daktari haondoki kichwani pake mpaka azinduke, kwa maana tofauti ya usingizi na kifo ni kipimo tu. Mwaka 2002 Moscow, vikosi vya Urusi vilipuliza gesi kwenye ukumbi wa maonyesho uliotekwa. Mateka zaidi ya 120 walikufa, wengi wao kwa gesi yenyewe. Kama wezi wangekuwa wanapuliza kila kiangazi, tungekuwa tunazika.

Basi kwa nini watu huamka na kichwa kizito, wameibiwa? Wameendesha kilomita 900, wamekunywa chupa ya divai, wamelala sita kwenye chumba cha mita chache, madirisha yamefungwa. Na mwizi mzuri hana kelele. Kusema "tulipuliziwa" kunaokoa heshima ya baba mwenye nyumba, nami namwelewa.

Kinachoniudhi ni kwamba madukani kuna vihisio vya gesi ya kulevya, na watu huvinunua huku hawana kihisio cha kaboni monoksaidi. Hii haina harufu, na hutoka kwenye jiko lisilopata hewa, hita mbovu, au mkaa uliodhaniwa umezima. Inaua familia kwenye mahema na kampavani Ulaya, kama inavyoua kwetu vyumba vya kupanga vinavyolaza jiko la mkaa ndani msimu wa baridi. Changu kina alama ya EN 50291-2, ya magari na boti, na nimekifunga usawa wa kichwa cha mtu aliyelala. Kimelia mara moja. Mvua ilitukuta na mishikaki nusu mbichi, tukasogeza jiko la mkaa chini ya kipaa cha mlango, tukala, tukaingia kulala mlango ukiwa wazi kidogo. Kikapiga kelele saa sita usiku. Nilitoka na kaptula tu, mvua ikininyeshea, nikalisukuma jiko kwenye majani kwa mguu. Ndiyo alamu pekee iliyowahi kunitoa kitandani.