Jiwe la Tanuu na Jiwe la Uluguru

Kila ninapoanza kufundisha wanafunzi wapya wa jiolojia, naingia darasani na mawe mawili na ndimu. Jiwe la kwanza ni tumbawe la Unguja, jepesi, lenye vitundu. La pili ni marumaru ya milima ya Uluguru, Morogoro, zito, linalometameta kama chumvi ya mawe. Nayakwangua yote mawili, kisha nakamulia ndimu kwenye unga wake. Yote yanatoa povu, kwa sababu yote ni kalsiamu kaboneti, madini ya mawe ya chokaa, na asidi ya ndimu inaifukuza hewa ya kaboni iliyofungwa ndani.

Shuleni tulifundishwa makundi matatu: miamba moto, iliyoganda kutoka kwenye uji wa moto, kama mawe yale makubwa ya Mwanza; miamba mashapo, iliyojengeka kwa mabaki yaliyorundikana, kama tumbawe langu; na miamba geu, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo bila kuyeyuka, kama marumaru hii. Makundi ni sahihi. Ninachokipinga ni kuyakariri kana kwamba jiwe huzaliwa katika kundi moja na kufia humohumo.

Hapo ndipo ninapowauliza swali ninalolipenda kuliko yote. Watu wa pwani wamechoma matumbawe kwenye tanuu kwa karne nyingi. Yakifika nyuzi 900 hivi, yanakuwa chokaa. Kule Uluguru, mawe ya chokaa yalipata joto linalokaribia hilo, na hayakuwa chokaa ya kupaka ukuta; yakawa marumaru. Kwa nini?

Ni uzito wa miamba iliyolala juu yake. Tanuu liko wazi, hewa ya kaboni inapanda na moshi, jiwe linabaki chokaa tupu. Lakini miaka milioni 600 na zaidi iliyopita, mabara yalipogongana na kuungana kuwa bara kubwa la Gondwana, mawe ya chokaa yaliyotuama chini ya bahari, kabla hata matumbawe hayajakuwepo duniani, yalisukumwa chini kwa kilomita 30 hivi. Kwa mgandamizo ule hewa haikuwa na pa kutokea. Chembe ndogondogo zikashikana upya zikawa fuwele kubwa. Ndiyo mmetameto ninaowaonyesha wanafunzi. Tope la mfinyanzi lililochanganyika humo lilikuwa na alumini, na palipokuwa na kromiamu kidogo pakajitengeneza yakuti nyekundu. Wachimbaji wa Morogoro wanaitafuta ndani ya marumaru hadi leo.

Na chokaa ya tanuu nayo haibaki chokaa. Ikipakwa ukutani, polepole hunyonya hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe. Ukigusa ukuta wa zamani wa Mji Mkongwe, umegusa mwamba uliojiunda upya mbele ya macho ya watu.

Marumaru ya Uluguru sasa iko juu, imenyanyuliwa, na milima iliyoifunika imeliwa na mvua. Mvua hiyo ina asidi hafifu. Inaiyeyusha marumaru kidogo kidogo, maji yanaingia mto Ruvu, na Ruvu unamwaga baharini karibu na Bagamoyo, ambako matumbawe yanachota kalsiamu majini na kujijengea mifupa.