Bodi iliyokaguliwa haijapimwa

Ndugu yangu mmoja alivuka kutoka Msanga Mkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, na kontrola ya sola, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ndani ya mfuko wa nailoni. Juu yake kulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu: "Bodi imepimwa, nzima." Msimu huu ni mara ya tatu naletewa bodi, yaani kile kibao cha saketi kilicho ndani ya kifaa, yenye neno hilo. Mara zote tatu nimeuliza imepimwa kwa chombo gani, na jibu limekuwa lilelile: fundi aliiangalia kwa lenzi, akaona haijaungua.

Maana zenyewe ni fupi. Kukagua bodi ni kuitazama, iwe kwa jicho, kwa lenzi au kwa kamera. Kuipima ni kugusa njia zake kwa chombo ukapata namba. Kuijaribu ni kuiwasha ifanye kazi yake, ikiwa na mzigo wake.

Neno linaloniuma ni pima. Hapa pwani si kitenzi tu. Pima ni urefu wa mikono minne, mkono mmoja ukihesabiwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, yaani ukinyoosha mikono yako yote miwili, kutoka ncha ya vidole vya huku hadi vya kule. Nahodha anayetia bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, majini harudi na habari kwamba maji ni mengi. Anarudi na idadi: pima tatu, pima saba. Asipokuwa na idadi, bado hajapima. Kagua ni neno jingine kabisa: mgeni rasmi anakagua gwaride kwa kupita mbele ya safu na kuangalia, wala hamwekei askari kamba ya kumpima. Jaribu limetoka kwenye Kiarabu, jarraba, na tajriba ni ndugu yake: kujua jambo kwa kulipitia. Lugha imetupa maneno matatu kwa kazi tatu, nasi tunayakoroga kuwa moja.

Najua hospitalini hata eksirei huitwa kipimo, na nadhani huko ndiko mazoea yalikoanzia. Lakini kiwanda cha bodi kikitumia eksirei, kinakagua. Kinaitumia kwa sababu kuna chipu ambazo vitone vyake vya lehemu viko chini ya tumbo lake, na kamera haivifikii. Ni jicho lenye nguvu zaidi, lakini ni jicho. Kupima ni kule ambako bodi inakandamizwa juu ya kitako chenye mamia ya sindano za springi, kila sindano ikigusa nukta yake na kusoma rezista hii ina omu ngapi za kuzuia umeme, kapasita ile ina ujazo gani, wapi pana shoti. Bodi zilipozidi kusongamana hata sindano zikakosa pa kugusa, wahandisi wakabuni njia ya chipu kupima viungo vyake zenyewe, ikawa kanuni rasmi ya IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1990.

Kwenye korosho tunalielewa hili vizuri. Hakuna anayekubali ubora wa gunia utajwe kwa kuangalia maganda. Sampuli inakatwa, kokwa zinatolewa, zinawekwa kwenye mizani.

Ile kontrola ya Msanga Mkuu niliiweka chini ya lenzi na mimi. Ilikuwa safi, lehemu inang'aa. Kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye chanya na nyingine kwenye hasi, mahali panapotakiwa kusoma maelfu ya omu. Ikasoma 2, yaani pana shoti. Kapasita moja ya seramiki, ndogo kuliko punje ya mchele, ilikuwa imepasuka kwa ndani. Bodi ikipindwa, labda kwa skrubu iliyokazwa kwenye boksi lisilo sawa, ufa huanzia chini ya kile kichwa cha chuma cha kapasita, na juu hauonekani.

Wala sisemi mita inatosha. Wiki hiyohiyo nilikuwa na chaja iliyosafirishwa kwa pikipiki kutoka Newala. Mita ililia kila nilipogusa, njia zote zinapita. Ni lenzi iliyonionyesha kiduara chembamba cheusi kuzunguka pini ya kiunganishi: lehemu imekatika, lakini pini bado inagusa. Ukiitikisa, inazima. Hapo ukaguzi ndio uliookoa kazi.

Mpangilio nao una sababu yake. Kwa hewa yetu ya chumvi, bodi inahitaji kupakwa vanishi yake maalumu, la sivyo shaba inaota kutu ya kijani. Ile ya akriliki hupakwa unene wa maikromita 30 hadi 130 tu, na inazuia unyevu, si kuzamishwa baharini. Ikishakauka, ncha za mita hazifiki tena kwenye shaba mpaka uikwangue. Kwa hiyo bodi husafishwa, hukaguliwa, hupimwa na kujaribiwa kwanza, ndipo ipakwe. Baada ya hapo inamulikwa taa ya urujuanimno, kwa sababu vanishi nyingi huwekwa rangi inayong'aa chini ya taa hiyo, ili pale palipobaki wazi paonekane. Hilo nalo ni kukagua.

Fundi aliyeandika kile kikaratasi namheshimu, na kuangalia aliangalia kweli. Ningemwomba abadilishe neno moja tu, aandike "imekaguliwa". Na siku akiipima, aandike na namba aliyoisoma.