Pingi ikijibu, aliyejibu ni nani?

Jumatatu asubuhi, ghala moja maeneo ya Vingunguti, karani hawezi kutoa ankara. Malori mawili yako nje, programu ya stoo inagoma kuingia kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zake, iliyoko kwenye seva ya ofisi ya mjini. Kwenye kundi la WhatsApp ukaingia ujumbe: "Wakuu mtandao uko poa, nimepingi seva inajibu. Tatizo ni programu." Kwa ujumbe huo, aliyeiandika programu alipoteza saa mbili akitafuta kosa ambalo halikuwepo. Programu ilikuwa nzima, kanzidata nayo nzima. Fayawali, ile kinga inayochagua mawasiliano yapi yapite kwenye mtandao, ndiyo iliguswa Jumamosi, ikawa haipitishi tena mlango namba 5432, ambao kanzidata ile hupokelea wageni.

Ujumbe wa namna hiyo nimeshausoma mara nyingi mno, na walioandika ni watu wanaojua kazi yao. Ndiyo maana naandika.

Pingi ni kutuma kipande kidogo cha data kwenye anwani ya mashine nyingine, kusubiri kirudishwe, na kupima muda uliopita. Hakuna zaidi ya hapo.

Jina si ufupisho. Wako wanaofundisha kwamba kila herufi ya "ping" inasimamia neno, lakini maelezo hayo yalibuniwa na mtaalamu wa mitandao David Mills baada ya programu yenyewe kuwepo. Mike Muuss ndiye aliyeiandika, Desemba 1983, katika maabara ya Jeshi la Marekani huko Maryland, akiwa anasumbuliwa na hitilafu ya mtandao wa palepale kazini. Alisema mwenyewe kwamba jina alilitoa kwenye mlio wa sonari: nyambizi inatoa sauti majini, sauti inagonga kitu, inarudi. Muda wa kwenda na kurudi unakuambia kitu kile kiko umbali gani.

Na itifaki (kanuni za mawasiliano) inayobeba pingi, ICMP, iliyoelezwa mwaka 1981 katika waraka wa RFC 792, inaufuata mfano huohuo: ujumbe wa aina ya 8 ni ombi la mwangwi, wa aina ya 0 ni jibu la mwangwi. Neno mwangwi hapa tulichukue kwa uzito wake. Ukiita ndani ya nyumba ambayo haijaingizwa hata kiti, sauti inakurudia vizuri kuliko kwenye nyumba yenye watu na mapazia. Mwangwi unathibitisha kuwepo kwa kuta.

Kwenye seva, kuta hizo ni mfumo endeshi, kama Windows au Linux. Ndio unaojibu pingi. Kanzidata haiulizwi, wala haijui kama kuna aliyeita. Fanya jaribio hili kwenye mashine ya mazoezi: acha pingi iendelee kwenye dirisha moja, kwenye dirisha la pili izime kabisa PostgreSQL, programu ya kanzidata. Mistari ya majibu itaendelea kushuka kama kawaida, milisekunde moja, milisekunde moja, wakati hakuna kanzidata hata moja iliyo hai.

Hapo ndipo linapoingia neno poti, ambalo tafsiri za kompyuta hutuletea kama "bandari". Anayeishi Dar es Salaam akisikia bandari anaiona Kurasini, meli na makontena, halafu anaambiwa afungue bandari 3306. Kilatini kilikuwa na maneno mawili: portus, bandari, na porta, lango. Poti ya kompyuta imetoka kwenye lango. Kwa hiyo mimi nasema mlango, na kila kitu kinakaa sawa: seva ni nyumba moja yenye milango mingi yenye namba. MySQL kwa kawaida inasubiri mlango 3306, PostgreSQL 5432, SQL Server 1433, Oracle 1521.

ICMP haina namba za milango. Hata ukitaka, pingi haiwezi kukuulizia 5432, kwa sababu kwenye ujumbe wake hakuna mahali pa kuiandika namba hiyo. Kuujua mlango lazima uugonge wenyewe kwa TCP, itifaki nyingine ambayo yenyewe hubeba namba ya mlango. Kwenye Windows ni Test-NetConnection, ukitaja anwani na -Port 5432. Kwenye Linux ni nc -vz. Ile ya Windows ikishindwa kuingia, inapiga na pingi yenyewe, kisha inakuandikia majibu yote mawili: PingSucceeded : True, na chini yake TcpTestSucceeded : False. Ghala la Vingunguti lingekuwa limeelezwa lote kwenye mistari hiyo miwili.

Namna ya kushindwa nayo isomwe. Ukikataliwa papo hapo, mara nyingi umefika kwenye mashine ila hakuna programu inayosikiliza mlangoni. PostgreSQL iliyosakinishwa sasa hivi bila kuguswa mara nyingi husikiliza localhost tu, yaani mashine yake yenyewe, na ikiwa hivyo wageni wote wa nje watakataliwa. Ukisubiri mpaka muda uishe bila neno, ishuku fayawali inayotupa pakiti, yaani vile vipande vya data, njiani. Pingi kutojibu nako si msiba: seva nyingi za Windows na za kwenye wingu zimezuiwa kujibu mwangwi, na kanzidata zake zinahudumia watu siku nzima.

Basi ndugu yangu uliyeandika ule ujumbe wa Jumatatu, pingi ulifanya vizuri kuanza nayo. Siku nyingine tuandikie ulichokiona tu: "Mashine inajibu pingi. Mlango 5432 bado sijaugonga." Halafu ugonge, utuambie umekataliwa au umenyamaziwa.