Lean ya hospitali si kupunguza watu

Siku hizi hapa Nairobi ukisikia bosi wa hospitali akisema "tunaenda lean", jua tu shifti ya usiku inakaribia kupoteza manesi. Na inauma, kwa sababu maana yenyewe ni nyingine kabisa.

Lean ni kufuata mgonjwa kutoka mlango wa kasualti mpaka anapotoka, na kuondoa kila kitu kinachomchelewesha bila kumsaidia. Basi.

Jina, ambalo kwa Kiingereza ni "embamba", lilitoka kwa mtafiti John Krafcik, 1988, akiandika kuhusu viwanda vya magari, hasa Toyota, akivilinganisha na vile vinavyojaza stoo mali ya akiba. Kwa hivyo wembamba ulikuwa hasa wa akiba, kama hiyo ya stoo. Taiichi Ohno wa Toyota alitaja aina 7 za upotevu, kama kungoja, kuzungukazunguka, kubeba vitu huku na kule, kurudia kazi iliyoharibika, na mfanyakazi hayumo kwa hiyo orodha. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, ilipoanza mbinu hizi 2002, iliahidi wafanyakazi kwamba hakuna atakayefutwa kwa sababu kazi imerahisishwa, na ni lazima iwe hivyo, nani atakuonyesha dakika zinapopotelea kama anajua ndizo zitamfukuzisha kazi?

Sasa angalia kasualti. Damu imeshatolewa lakini sampo imelala kwa trei ikingoja mtu wa kuipeleka lab, nesi anazunguka akitafuta mashine ya presha, na yule aliyeamuliwa alazwe bado yuko kwa machela kwa korido kwa sababu kitanda cha wodini kimekaliwa na mtu aliyeruhusiwa tangu asubuhi ila bili haijafungwa. Foleni ya mlangoni mara nyingi imeanzia wodini! Ukitoa nesi hapo hakuna ulichoondoa, umeongeza kungoja.

Simulesheni ndiyo inaonyesha hili wazi. Si yale mazoezi ya kutibu mdoli, ni kasualti ndani ya kompyuta, wagonjwa wanaingia ovyo ovyo vile wanaingia kweli, unajaribu kuongeza daktari jioni au kuharakisha dischaji, unaona foleni inafanya nini kabla hujagusa mtu yeyote. Hata hesabu ya foleni rahisi kabisa, ya mhudumu mmoja, inatisha: akiwa bize asilimia 80 ya muda, kwa wastani wako watu 4 hapo kwake, wanaongoja pamoja na anayehudumiwa, akifika 90 wanakuwa 9, akifika 95 wanakuwa 19. Huo muda mhudumu hayuko bize, unaoonekana kama uvivu, ndio unapokea ajali ya matatu ikiingia ghafla.

Kwa hivyo meneja wangu, kama pesa zimekwisha na lazima upunguze watu, sema tu tunapunguza gharama, tutaelewana. Lean tafadhali anza nayo pale kwa trei ya sampo na dawati la bili, na uende na huyo nesi wa usiku akuonyeshe.