Mivuko arobaini si kilomita

Jumamosi iliyopita papa mmoja, baba wa kikundi changu cha kuogelea, alitoka majini anahema, akaketi ukingoni, akaniambia: "Mwalimu, leo kilomita yangu imetimia. Arobaini!" Nilimpa hongera ya kazi, maana kazi aliifanya kweli. Kilomita ndiyo haikuwepo. Si wa kwanza kuniletea hesabu hiyo mwaka huu, wala si wa tano, na nimechoka kuieleza nikiwa nimelowa.

Hiyo arobaini, yaani kuvuka bwawa mara 40 kutoka ukuta hadi ukuta, inatoka kwenye bwawa la mita 25. Mara 40, mita 1,000. Sawa kabisa, ukiwa ndani ya bwawa la mita 25. Pisini tunayoogelea sisi hapa Lubumbashi ilijengwa ili ipendeze katikati ya bustani, na hakuna aliyemtajia fundi habari ya mita 25. Nikachukua utepe wa kupimia. Mtoto wa papa akabana ncha kwenye kigae cha upande wa kina kirefu, mimi nikauvuta juu ya maji hadi ukuta wa pili, ukanyooka. Mita 16 na sentimita 70. Zidisha kwa 40, unapata mita 668.

Papa akainama, akausoma utepe mwenyewe, kisha akasema, "Basi tuandike 17, yaishe." Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Sentimita 30 ni kidogo ukizitazama kwenye utepe, ila kilomita kwenye bwawa lile ni mivuko 60, na sentimita 30 mara 60 ni mita 18. Umepoteza bwawa zima, na zaidi.

Nimeandika "mivuko" kwa makusudi. Watu wanapenda kusema "mzunguko", neno la uwanja wa riadha, ambako ukimaliza mita 400 umerudi ulipoanzia. Kwenye maji huyu anaita mzunguko kwenda tu, yule kwenda na kurudi, na programu iliyoandikwa "mizunguko 8" katika bwawa la mita 25 inakuwa mita 200 kwa mmoja na 400 kwa mwingine. Mama mmoja wa kikundi changu alifuata programu ya namna hiyo kwa wiki tatu, akifanya maradufu bila kujua, mpaka bega likaanza kumuuma. Kwangu mvuko ni kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, basi. Ukirudi, huo ni mvuko wa pili. Na anayeshikilia kwamba lazima urudi ndipo ihesabiwe, anionyeshe mita 50 za Olimpiki zinarudi wapi. Bwawa lina mita 50: wanaruka upande huu, wanamaliza upande ule.

Waamuzi nao wanahesabu kwa mivuko. Mita 1500 kwenye bwawa la mita 50 ni mivuko 30. Mwamuzi wa upande wa kugeuzia anamwonyesha muogeleaji kibao cha mivuko iliyobaki, na vibao hivyo vina namba witiri peke yake: 29, 27, 25. Kijana mmoja aliniambia wanaruka namba ili kuokoa muda. Hapana! Kila ukifika ukuta wa mbali umemaliza mivuko witiri, na jumla ni shufwa, kwa hiyo iliyobaki haiwezi kuwa kitu kingine ila witiri. Ikibaki mivuko miwili na mita 5, upande wa kuanzia unasikia kengele au filimbi.

Saa za mkononi nitazipitia haraka. Ndani ya bwawa saa inahisi unavyogeuka, inahesabu, halafu inazidisha kwa urefu uliouweka wewe. Ukiiacha kwenye 25, itaandika 25 kila mvuko.

Anayeona nakaza sana na utepe, akumbuke Olimpiki ya Munich mwaka 1972, fainali ya wanaume ya mita 400 mchanganyiko, yaani mitindo minne ya kuogelea katika shindano moja. Gunnar Larsson wa Uswidi na Tim McKee wa Marekani wote wawili waligusa ukuta kwa dakika 4:31.98. Saa ikasomwa hadi elfu ya sekunde, Larsson akapewa dhahabu kwa tofauti ya elfu 2 za sekunde. Kwa kasi yao, hizo ni kama milimita 3. Nani ataapa kwamba kuta za bwawa zimelingana kwa milimita 3 katika kila njia? Baadaye kanuni ikabadilishwa: muda unaishia kwenye mia ya sekunde, na wakifungana wanagawana nafasi. Bwawa lenyewe linaruhusiwa kuzidi sentimita 1, lakini kupungua haliruhusiwi hata kidogo.

Kuna jambo bado linanisumbua. Kila ukigeuka unasukuma ukuta, na msukumo unakubeba mita kadhaa kabla mkono haujavuta. Mmarekani Bobby Finke alishinda mita 1500 za Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa dakika 14:30.67, bwawa la mita 50, akigeuka mara 29. Mjerumani Florian Wellbrock aliogelea mita hizo hizo kwa 14:06.88 kule Abu Dhabi mwaka 2021, bwawa la mita 25, akigeuka mara 59. Je, mita 1,002 za bwawa la papa (mivuko 60 ya mita 16.70), zenye kugeuka mara 59, ni kilomita sawa na ile ya bwawa la mita 50 yenye kugeuka mara 19? Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye mapafu, sidhani, na sijapata njia ya kuzilinganisha ninayoiamini.

Kuhesabu kwenyewe: ukisukuma ukuta, taja mvuko unaouanza, "wa tano", usiseme "tano". Anayesema "tano" hajui kama ameimaliza au anaianza. Ukisita kati ya wa 31 na wa 32, angalia uko ukuta gani: kama ni ule ulioanzia, unaanza wa 31. Ukisita kati ya wa 30 na wa 32, ukuta hauna la kukuambia. Shika wa 30, uendelee.