Umemkuta vipi bibi?

Ramadhani, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, vichochoro vya Wete hujaa watoto waliobeba sahani zilizofunikwa kawa. Wa kwanza hukimbia, akaiweka sahani ya muhogo wa nazi barazani kwa bibi jirani, akarudi mbio. Wa pili naye hufikisha, ila akirudi husema: "Mama, bibi leo macho mekundu, hata hakunitania." Wema ni ule ule. Huyu wa pili kamsoma mtu.

Kusoma huko ndiko wataalamu wanakokuita akili ya hisia. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer wa Marekani waliieleza kuwa ni uwezo wa kuzitambua hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuyatumia unayoyatambua humo kuongoza fikra na vitendo vyako. Kinyumbani: kujua kwamba huyu hakununa, kaona haya, na yule hana jeuri, ana njaa.

Hamu ya kusaidia mtoto anayo mapema. Felix Warneken na Michael Tomasello, katika utafiti wa 2006, waliona watoto wa miezi 18 wakimwokotea mtu mzima kitu kilichomponyoka. Mwaka 2008 wakaonesha jambo linalotuhusu zaidi: watoto wa miezi 20 waliozawadiwa kitu kwa kusaidia, baadaye walisaidia kidogo kuliko wasiopewa kitu. Basi ile "mpe mwenzio, nitakununulia askirimu" tuipunguze. (Pesa ya sikukuu siku ya Idi haina neno, ile ni furaha, si ujira.)

Kinachotaka mafunzo ni kusoma hisia, na kusoma kunataka maneno. Kiswahili kimejaa: kususa, kuhamaki, kusononeka, kijicho, unyonge. Lakini mtoto akilia sisi tuna neno moja tu, "Nyamaza!" Wa kiume ndiyo kabisa, huambiwa mwanamme halii. Asiyejua jina la kinachomchoma yeye, cha mwenzake atakijuaje? Mwambie: "Umehamaki kwa sababu nduguyo kakuchania kishada." Hisia unaitaja, mkono wa kupiga unauzuia.

Halafu kuna kumshika sikio: "Mwombe radhi mwenzio!" Ataomba, lakini hapo inayosema ni hofu. Mngoje atulie, kisha muulize, "Mtazame usoni. Unadhani anaonaje?" Aliye chini ya miaka minne hivi huenda akakosea, kwani bado anajifunza kwamba moyo wa mwenzake si wake. Mama akilia, humletea mwanasesere. Usimcheke, kakuletea kinachomliwaza yeye.

Na yule wa kwanza? Akirudi, usimuulize kama sahani imefika. Muulize, "Umemkuta vipi bibi?" Huenda akajibu, "Sijamtazama." Si neno. Kesho atatumwa tena.