Gari la Pwani Linapohamia Mbeya

Nilihamia Mbeya kutoka Dar es Salaam mwezi wa Juni, na Noah yangu ilifika ikiwa imebeba magodoro, sanduku la spana na makosa ya miaka yangu yote ya ufundi. Magodoro yalishushwa jioni ile ile. Makosa yalichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu sikujua kwamba ni makosa: huko nilikotoka yalikuwa yakiitwa uzoefu, na wateja walikuwa wakiyalipia.

Kosa la kwanza lilijitokeza wiki ya pili. Nilifungua kifuniko cha oili asubuhi nikakuta chini yake utando mzito wenye rangi ya mtindi. Kwa fundi aliyefundishwa kazi Dar es Salaam, utando huo una tafsiri moja tu, nayo ni kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa na mwili wa injini, imeungua na maji yanaingia kwenye oili. Nilikuwa nimekwisha kupanga spana chini ili nifungue injini, pale mzee mmoja mwenye gereji jirani na soko la Mwanjelwa, ambaye alikuwa amenipa nafasi ya kufanyia kazi uani kwake, aliposogea na kikombe chake cha chai akaniuliza kama maji ya rejeta yanapungua. Nikamjibu kwamba hayapungui. Akauliza mshale wa joto unafika wapi gari likitembea. Nikamwambia hauvuki robo.

“Mwanangu, themostati unayo?”

“Niliitoa zamani, mzee.”

“Basi rudisha hizo spana mahali pake.”

Inafaa nieleze kwa nini niliitoa, maana wasomaji wengi wa pwani wanaendesha magari yasiyokuwa nayo bila kujua. Themostati ni vali ndogo yenye nta ndani yake, na inakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, vali imefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake mpaka yapate moto. Yakifika nyuzi 82 au 88 hivi za Selsiasi, kutegemea injini, nta inayeyuka na kutanuka, vali inafunguka, na maji yanaanza kupita kwenye rejeta. Kazi yake, kwa hiyo, ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuiweka hapo. Dar es Salaam gari likichemsha kwenye foleni, mtuhumiwa wa kwanza huwa ni themostati, kwa kuwa ikikwama imefungwa gari huchemsha kweli, na kuitoa hakugharimu chochote isipokuwa gasketi ndogo na dakika chache. Rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya kisima yenye chumvi inabaki mahali pake, feni iliyochoka inabaki, mfuniko wa rejeta uliolegea unabaki. Lakini mteja anaondoka ameridhika, kwa kuwa katika mji ambao mchana joto hupita nyuzi 30 injini isiyo na themostati bado inapata moto wa kutosha kuficha uongo wetu.

Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake inashuka chini ya nyuzi 10. Hapa injini isiyo na themostati inaanza safari ya dakika ishirini na kuimaliza ikiwa bado vuguvugu. Mvuke unaozaliwa mafuta yanapoungua hupenya kwenye oili, na kwa kuwa oili haipati moto wa kuufukuza, unageuka matone ya maji na kuchanganyika na oili mpaka unakuwa ule mtindi niliouona. Kompyuta ya injini nayo inasoma maji ya nyuzi 50, inaamini gari limewashwa sasa hivi, na inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama mtu anayeendelea kuchochea jiko la mkaa lililokwisha kushika. Sehemu ya petroli hiyo inaosha kuta za silinda na kuishia kwenye oili. Nilikuwa nimelalamika kwa wiki mbili kwamba petroli ya Mbeya haikai, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikiimwaga.

Nilinunua themostati, nikamimina kulanti, kimiminika maalumu cha rejeta, badala ya maji matupu, nikabadilisha oili. Mtindi haukurudi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiutazama mji huu kupitia maswali ya wateja wake, na nadhani maswali yanayoulizwa gereji yanaeleza mahali kuliko ramani. Dar es Salaam mteja akileta gari analotaka kununua, swali la kwanza ni kama kiyoyozi kinagandisha. Hapa sijaulizwa swali hilo hata mara moja. Naulizwa kama hita inafanya kazi, na mara nyingi haifanyi, kwa sababu ile ile: hita ya gari ni rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini nyuma ya dashibodi, na maji yasiyopata moto hayawezi kumpasha mtu. Mama mmoja anayefundisha shule upande wa Uyole aliniletea IST iliyokuja kutoka Dar es Salaam, akasema anaendesha amejifunga khanga miguuni kila asubuhi. Mabomba yake ya hita yalikuwa yamekatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe, jambo ambalo nimelifanya mimi mwenyewe mara nyingi Kariakoo pale mpira wa hita ulipopasuka na mteja akawa hataki gharama. Sikumwambia hivyo. Nilimpunguzia bei.

Swali la pili linahusu hendibreki. Nilikotoka hendibreki ni pambo. Kwenye tambarare magari hayajiondokei, na waya wake ukikatika mwenye gari anaweza kukaa miaka miwili bila kujua. Hapa mji wenyewe umelala kwenye miguu ya mlima Loleza, mitaa yake inapanda na kushuka, na mtu akiegesha mbele ya duka anageuza tairi za mbele zielekee ukingo wa barabara bila hata kufikiri, kama vile mtu wa pwani anavyotafuta kivuli. Bajaji zinazopanda kutoka barabara kuu zikiwa zimejaa abiria huunguruma kwa gia ya kwanza, na nimewaona vijana wakiruka chini kupunguza uzito kisha wakaingia tena mbele. Hakuna anayelalamika. Bodaboda nao wana nauli ya kupanda na nauli ya kushuka, na nilipojaribu kubishana kwamba umbali ni ule ule, dereva alinitazama kwa huruma.

Kuna jambo ambalo wenyeji hawaliulizi kwa kuwa wamelizoea, nalo ni wepesi wa hewa. Kwenye mwinuko huu kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni kama asilimia 83 ya ile ya pwani, na injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa, inavuta hewa pungufu kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo inatoa nguvu pungufu pia. Magari ya sindano, yaani yanayopuliziwa petroli kwa nozeli, yana kihisi kinachopima hewa na kupunguza petroli ifuatane nayo. Magari ya zamani ya kabureta hayajui lolote, yanamwaga petroli ya pwani kwenye hewa ya mlimani, na moshi wao mweusi ndio ushahidi. Wateja waliotoka Dar es Salaam hunijia wakisema gari limechoka njiani. Halijachoka. Linapumua kwa shida, kama wao wenyewe wanavyohema wakipanda ngazi wiki ya kwanza.

Hewa hiyo hiyo inabadilisha hata maji. Ndani ya sufuria Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ndiyo maana maharage yanataka subira zaidi jikoni. Ndani ya rejeta, mfuniko wenye springi huyazuia: mfuniko wa baa 0.9 ukiwa mzima, maji ya pwani hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119, na ya Mbeya karibu 116. Tofauti ni ndogo. Lakini mfuniko ukiwa umekufa maji yanarudi kuchemka kwenye nyuzi 94 za sufuria, ambazo ziko juu kidogo tu ya joto la kawaida la injini, na gari linachemsha kwenye kilima kifupi huku baridi ikimng’ata dereva. Mfuniko wa rejeta ni kitu cha bei ndogo, na siku hizi ndicho ninachokipima kwanza.

Sasa nizungumzie malori, kwa kuwa Mbeya haiwezi kuelezwa bila malori. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati ya mji, ikiendelea mpaka Tunduma mpakani, kama kilomita 100 mbele. Njia hii ilipewa uzito wake baada ya 1965, pale utawala wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ulipojitangazia uhuru na Zambia ikalazimika kutafuta bahari upande wa mashariki. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968 na reli ya TAZARA ikaanza kazi rasmi miaka ya sabini. Leo shaba ya Zambia na Kongo inashuka na mafuta na mizigo ya bandarini inapanda. Mara ya kwanza nilipoona lori la shaba nilidhani liko tupu, maana mabamba yamelala chini kabisa ya tela, tabaka jembamba lililofungwa kwa mikanda. Dereva wake, mtu wa Lubumbashi aliyekuwa akisema “motokari” pale mimi niliposema gari, alicheka akaniambia nijaribu kulisukuma. Zilikuwa tani 30 na kidogo.

Uzito huo unashuka Mlima Nyoka, unashuka Iwambi kuelekea Mbalizi, na majina hayo mawili wakazi wa hapa huyataja kwa sauti ya chini, kwa kuwa yamechukua watu wengi. Niliwahi kudhani ajali zile ni za breki mbovu tu. Hesabu inaonyesha zaidi ya hapo. Chukua lori ambalo pamoja na mzigo wake ni tani 40, likishuka kimo cha mita 200 bila kuongeza mwendo: nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni megajuli 78 hivi, yaani joto la kuchoma lita mbili na zaidi kidogo za dizeli. Dereva akiwa ameweka gia ndogo na kuwasha breki ya injini, sehemu kubwa ya joto hilo inameng’enywa na injini na kutoka kwenye ekzosi na rejeta. Dereva akitoa gia ili aokoe mafuta, lita zote mbili zinawaka ndani ya ngoma za breki. Ngoma inatanuka na kukimbia pedi, pedi zinapoteza mshiko, na hata upepo wa kukamatia breki ukiwa umejaa kwenye matangi yote, lori halisimami. Breki zilikuwa nzima juu ya mlima. Ukisimama Mbalizi jioni unaweza kunusa tofauti ya madereva: lori moja linapita bila harufu, linalofuata linanukia kama mpira uliounguzwa.

Utingo wa malori haya hutembea na vigingi vya mbao, na lori likisimama kwenye mteremko huruka na kuviweka nyuma ya tairi kabla injini haijazimwa. Wengine hutumia mawe, na hapo nina malalamiko: lori linaondoka, jiwe linabaki barabarani usiku kucha. Matawi ya majani yanayotandazwa kuonya kwamba gari limeharibika mbele angalau tairi yangu inayamudu.

Mwezi wa Agosti nilikwenda Kyela kuchukua mchele. Ni safari ya kilomita 120 hivi kutoka Uyole, lakini inampitisha mtu katika hali ya hewa ya nchi tatu. Barabara inapanda kwanza juu zaidi ya Mbeya yenyewe, kwenye viazi na ukungu wa Isongole, ambako niliwasha hita. Inashuka Tukuyu kwenye chai, migomba na mvua. Kisha inaporomoka hadi tambarare ya Ziwa Nyasa, yenye mwinuko usiofika mita 550, ambako joto ni la Dar es Salaam kabisa na watu wanauza maembe msimu ukifika. Nilishuka kwa gia ya pili. Jicho langu lilikuwa kwenye mshale wa joto, kwani bado moyoni nilikuwa na imani ya zamani kwamba themostati ni kitu cha nchi za baridi na kwamba Kyela ingenichemshia gari.

Mshale ulisimama chini kidogo ya nusu pale Isongole. Ukasimama pale pale Tukuyu, na Kyela saa nane mchana, gari likiwa na magunia manne na feni ikiwaka na kuzima, ulikuwa bado hapo. Nilipokuwa nikimweleza mzee jioni, aliniongezea jambo ambalo nilipaswa kulijua: katika injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili, ambacho vali ikifunguka kinaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa maneno mengine, yale magari niliyokuwa nikiyaponya Dar es Salaam kwa kuyatoa themostati, baadhi yake nilikuwa nikiyaongezea joto.

Nimeagiza themostati kumi na mbili. Tisa ni za wateja wa hapa, na tatu nitashuka nazo Desemba kwa watu watatu wa Dar es Salaam ambao namba zao bado ninazo na ambao sitawatoza ufundi.